Ijumaa au Jumamosi

Kagugu, Kigali
4 Agosti 2025

Kwa Shangazi yangu Mukandekezi,

Shikamoo, Shangazi. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, hujasimama jikoni, maana nina habari ya kukukalisha. Kwanza pokea salamu zangu. Mwili wangu mzima, namshukuru Mungu. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia uliipaka mwenyewe, au umeigawa kanisani kama ulivyoigawa ile ya kwanza? Huku ni vumbi tupu. Ukianika nguo nyeupe asubuhi, jioni unaanua nyekundu.

Shangazi, Pretty amekufa. Pretty wetu wa Karagwe, yule aliyekuwa akija kulala kwetu ukamwita Tumbo kwa sababu hakuwa akijua kushiba. Ameuawa. Dada yake alimkuta mchana wa Jumamosi ile ya umuganda, ndani ya nyumba yake hapa Kagugu, mtaa wa pili kutoka kwangu. Amepigwa kichwani kwa pasi. Dada alikuwa amekuja kumsaidia kuchagua vitambaa, kwa sababu sherehe ya kuposwa kwake ilikuwa Septemba. Vitambaa hivyo tumemzikia.

Nakuandikia kwa mkono kama enzi za bweni kwa sababu wapelelezi wamechukua simu zetu sote tuliokuwa marafiki zake wa karibu, yangu, ya Trinah na ya mwanao Shema, na wametuomba tusitoke Kigali. Simu ya kuazima siitaki, ukuta una masikio. Barua nampa Usumani, dereva wa basi la Nyakarambi, atakuachia pale dukani stendi.

Sasa nikuambie ujinga nilioufanya, unicheke kidogo, maana hakuna mwingine wa kunicheka. Unajua Jumamosi ya mwisho wa mwezi kila mtu anatoka na jembe kwa kazi za umma, maduka yanafungwa na mabasi hayatembei mpaka kazi iishe. Sisi wanne, na marehemu Pretty akiwemo, tuna zamu tangu tuhamie huku. Mmoja anakwenda umuganda, watatu wanalala, na aliyekwenda anawaitikia wenzake. Mzee Athanasie, msimamizi wa isibo yetu, yaani hizi nyumba chache za jirani, ananijia na Kiswahili chake: "Wewe Mtanzania, wenzako iko wapi?" Namwambia Shema yuko chini kwenye mtaro, Trinah amekwenda kuchota maji. Mzee ana kitambi, hawezi kuteremka mtaroni kuhakikisha. Mwezi huu zamu ilikuwa yangu.

Basi Jumapili tumekaa msibani, kwenye ikiriyo, wapelelezi wakaja wakaanza kuuliza kila mmoja alikuwa wapi jana yake. Athanasie alikuwa amesimama pembeni yao. Mdomo wangu ukajibu wenyewe, kwa mazoea. Nikasema tulikuwa umuganda, mimi na Shema na Trinah, kwenye mtaro wa chini, mpaka mwisho. Athanasie akatikisa kichwa kukubali. Angefanya nini, aseme hakutusimamia? Wakaandika, nikatia sahihi. Niliona haya, Shangazi, kusema mbele ya maiti na majirani kwamba sisi ni wavivu. Shema na Trinah walikuwa wamelala zao bila shaka, sikuwauliza.

Wamemkamata Valens, mlinzi wa lango la Pretty, yule Mrundi. Siku ya umuganda yeye ndiye aliyebaki.

Kwa nini hukuja kuzika? Shema alibeba jeneza. Watu waliuliza mama yake yuko wapi, nikasema mguu. Niandikie haraka, usiku silali.

Mwanao,
Annah


Nyakarambi
19 Agosti

Annah mwanangu,

Marahaba. Barua yako Usumani aliisahau kwenye kiti chake, ndiyo maana nakujibu leo. Dereva akisahau barua, siku moja atasahau na abiria.

Dawa niliipaka mwenyewe. Nusu. Nusu nyingine alipewa mke wa mchungaji ambaye magoti yake yanalia akipiga magoti kusali, na Mungu anawasikiliza zaidi watu wa namna hiyo. Maharage tumevuna, si mabaya. Mbuzi yule mweusi amezaa, kamkataa mtoto mmoja, namnyonyesha kwa chupa.

Habari ya Pretty imenivunja. Nimekaa kwenye kigoda nikaona kabisa jinsi alivyokuwa akikomba sufuria na kidole. Mama yake alifariki akiniambia nimtazame. Nimemtazama nini mimi, niambie. Msibani sikuja kwa ajili ya mguu, kama ulivyosema. Wewe unajua kunijibia.

Kuhusu hilo la mtaro, mwanangu, mdomo huponza kichwa, lakini ukishaponza, kichwa kisiongeze. Ulichosema umesema. Wakikuuliza tena, sema ulishajibu. Mambo ya polisi ni kama siafu, ukiwapita bila wao kujua usirudi kupiga mguu. Nenda kazini, Kacyiru hawakupi kiti ukalie msiba mwezi mzima. Ombea marehemu, kula, lala.

Huyo Mrundi kama hana kosa Mungu atamtoa.

Barua hii ukishaisoma washia jiko.

Shangazi yako,
Mukandekezi


Kagugu
7 Septemba

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Pole na mtoto wa mbuzi. Na mimi nimeanza kuwa kama huyo mama yake, nakataa kila kitu kinachonisogelea. Chakula hakipiti. Ofisini nimejaza fomu ya mtu mmoja kwa jina la mwingine, bosi kaniita pembeni akaniuliza kama naumwa. Nimesema malaria. Naona siku hizi ninajibu tu chochote kinachokuja.

Nimesoma barua yako mara nyingi, na kuna kitu sikukielewa. Umenihimiza kazi, umeniambia habari za mbuzi na magoti ya mke wa mchungaji. Kuhusu Shema hujaandika neno. Mwanao wa kumzaa amezika rafiki yake, wewe huulizi hata kama anakula?

Nitakueleza kwa nini nauliza. Jumatatu iliyopita nilimkuta mwanamke langoni kwangu, ana mtoto mgongoni. Anaitwa Illuminée, ni mke wa Valens. Amepanga chumba Ndera, analima mashamba ya watu huko, na alikuwa ametembea tangu asubuhi kuja kunitafuta. Hakulia. Alikaa kwenye ngazi, akanyonyesha, kisha akaniambia kile mume wake alichowaambia wapelelezi tangu siku ya kwanza. Valens anasema siku ile, watu wakiwa umuganda, saa tatu alimfungulia lango Shema. Anamjua vizuri, walisalimiana Kirundi kama kawaida yao. Baadaye alisikia mlango wa nyuma, hakujali. Wapelelezi wakamwambia, "Wewe ni mwongo. Shema alikuwa mtaroni, shahidi ametia sahihi."

Shahidi ni mimi, Shangazi. Neno langu ndilo linalomfunga yule mtu.

Illuminée akaniuliza, "Dada, ulimwona Shema mtaroni kwa macho yako?" Nilimwambia mtoto wake anahitaji maji ya kunywa, nikaingia ndani kuyafuata. Nilikaa huko ndani mpaka nikasikia lango limefungwa. Amekwenda zake bila maji.

Kuna jambo sikuwahi kukuambia kwa sababu halikuwa langu. Shema na Pretty walikuwa wapenzi, miaka mingi, kwa siri. Mimi na Trinah tulijua na tulikuwa tukiwaficha. Pretty alipokubali kuposwa na yule mwingine, Shema hakukubali. Mimi niligombana na Pretty kwa ajili hiyo mwezi wa saba, saluni, mbele ya wasusi. Nilimwambia amweleze mchumba wake ukweli au amwache kabisa Shema. Aliondoka nusu kichwa kikiwa hakijasukwa. Na Alhamisi ile kabla ya kifo Shema aliniambia, "Jumamosi nitazungumza naye mara ya mwisho."

Nimemuuliza. Alikuja kula nami chakula cha mchana kantini ya ofisini, Kacyiru. Nikamwuliza alikuwa wapi. Akasema, "Ulishasema nilikuwa na wewe. Sasa unataka nini tena?" Akamaliza sahani yake, akala na ndizi zangu. Nilipomkazia macho akasema kama ni lazima nijue, alikuwa kwa Mama, Nyakarambi, alikwenda kupumzisha kichwa.

Basi nakuuliza jambo moja tu, nawe nijibu hilo moja. Alifika kwako Ijumaa au Jumamosi? Ukiniambia Ijumaa, nitalala, na Valens atakuwa anasema uongo. Ukiniambia Jumamosi, basi alitoka Kigali baada ya mabasi kuruhusiwa, na nitajua la kufanya.

Mwanao,
Annah


Nyakarambi
5 Oktoba

Annah mwanangu,

Marahaba. Usinilaumu kuchelewa, kalamu iliisha wino. Halafu nikanunua nyingine nikaiweka mahali nikapasahau.

Kanisani wamenichagua mwenyekiti wa akina mama, bila kuniuliza kama nina miguu ya kutembelea wagonjwa. Mtoto wa mbuzi ameshika, anakula majani, ananifuata mpaka chooni. Mke wa Kabera jirani amejifungua mapacha, mmoja wamempa jina langu. Nimewaambia mkimpa jina mpeni na adabu, wamecheka.

Hilo uliloniuliza, mvua huku imechelewa. Watu wamepanda kwenye vumbi.

Annah, nikukumbushe kitu. Baba yako alipofariki, na mama yako akamfuata, nilikuchukua ukiwa huwezi kufunga vifungo vya gauni. Shema alikuwa wa umri wako. Nilikuwa nakaanga yai moja, naligawa kwa kisu, na ninyi mnasogeza vichwa kuona kama nimeonea. Sikuonea hata siku moja. Ulipopata surua Shema alikataa kutoka chumbani, alikupepea kwa daftari lake mpaka likachanika, na mwalimu akamchapa kwa daftari hilo. Tulipovuka Rusumo kurudi Rwanda yeye alibeba godoro lako kichwani, lake akaliacha kwa sababu hakuwa na mikono minne. Hayo unayakumbuka, au Kagugu wana dawa ya kusahau?

Mtu hapimwi kwa siku moja. Sisemi siku gani. Nasema siku moja.

Huyo mwanamke wa Ndera nimemwonea huruma. Mimi ni mwanamke, najua kukaa kwenye ngazi ya mtu. Lakini kila mtu abebe mzigo wake, na huu wa kwetu usiugawe kwa wapita njia. Nakuomba, tena mimi siombi ovyo, unajua. Liache neno lako lilipo.

Shangazi yako aliyekulea,
Mukandekezi


Kagugu
20 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Hongera ya uenyekiti. Kwangu habari si nzuri, sitazipamba.

Nilingoja barua yako wiki baada ya wiki. Nilipoisoma nikaelewa. Ingekuwa Ijumaa kweli, ungenijibu kwa neno moja, tena ungenitukana kwa kuuliza. Umeandika ukurasa mzima ukapita kando ya siku ile kama mtu anayekwepa shimo. Kesho yake nilikwenda kufuta maneno yangu.

Nilimwambia mpelelezi kila kitu, zamu zetu, jinsi tunavyoitikiana, na kwamba Shema hakuwa nami mtaroni, wala Trinah. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, akaniandalia chai. Akauliza, "Sasa nani alikuwa na wewe?" Nikasema majirani wengi walikuwepo, lakini mtaro wa chini nilichimba peke yangu. Akauliza nani aliniona mpaka mwisho. Hakukuwa na mtu, Shangazi. Nilikuwa nimekwenda kumtoa Shema kwenye mtaro, sikujua kwamba ninajitoa na mimi.

Wakamwita Athanasie. Amesema aliniona mwanzoni, baadaye hajui, na kwamba sisi Watanzania ni waongo wa muda mrefu. Hapo hajasema uongo.

Wakamwita Shema. Hakusita. Amesema kweli hakuwa mtaroni, alikuwa kwa mama yake tangu Ijumaa jioni, ana homa, hakutoka kitandani hata umuganda wa kwenu ukampita, na simu aliisahau Kigali. Akasema hajui kwa nini Annah alimweka mtaroni, labda Annah ndiye aliyehitaji mtu wa kusimama naye. Alisema hivyo mbele yangu, Shangazi, wakati tumekutanishwa. Yule aliyenipepea. Alikuwa ananitazama hapa, katikati ya macho.

Wakakupigia simu wewe. Mpelelezi aliweka sauti nje. Nilikusikia ukisema, "Ijumaa." Ulisema haraka, kabla hajamaliza swali. Sauti yako niliijua, ndiyo ile ya kumwambia mwenye nyumba baba hayupo.

Nikabaki na Trinah. Nilijua atasema alikuwa amelala na kwamba zamu zilikuwepo, basi. Trinah amesema alikuwepo umuganda, na kwamba aliniona nikiondoka na jembe langu katikati ya kazi. Trinah hajashika jembe tangu mwaka uanze. Akaongeza na ule ugomvi wa saluni, neno kwa neno. Nilimvizia kituo cha basi Kacyiru nikamwuliza kwa nini. Akatazama viatu vyake akasema, "Annah, nilishaitikia kwamba nilikuwepo. Nikigeuka kama wewe watanifanya kama wewe. Mimi nina watoto." Basi lake likaja akapanda. Huyo ndiye niliyemshika mkono leba mara mbili.

Sasa wanasema hivi. Niligombana na Pretty, nikatoka mtaroni, Valens akanifungulia lango, na mimi na yeye tumemzulia Shema ili tupone wote wawili. Kwa hiyo ukweli wangu haukumtoa Valens, umenitia na mimi humohumo. Kazini wamenisimamisha. Paspoti imechukuliwa. Wananiita karibu kila siku, na kila nikienda nabeba sweta, kwa sababu wenzangu wameniambia mahabusu kuna baridi.

Shangazi, neno lako moja linatosha. Kuna watu wawili wasio na kosa, mmoja ana mtoto anayenyonya, mwingine umemlea kwa mikono yako. Njoo Kigali useme Jumamosi. Sitakuuliza kwa nini ulisema Ijumaa. Sitakuuliza hata alipofika alikuwa na hali gani, nguo zake ulizifanya nini, alikuambia nini. Hayo kaa nayo. Mimi naomba siku tu.

Mwanao,
Annah


Nyakarambi
23 Novemba

Annah mwanangu,

Sijui kama mahabusu wanakupa barua zikiwa zimefungwa. Kama zinafunguliwa, huyo anayefungua namsalimu, ana mama na yeye.

Umekonda. Nilikuona ulipoingizwa mahakamani na yule Mrundi, nikataka kusimama, mguu ukakataa. Nywele zako hujasuka. Umevaa lile sweta nililokufumia, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na kila ulipoinua mkono niliona kosa langu la sindano.

Najua umesikia nililala kwa Trinah. Nisingeweza kulala nyumbani kwako kitandani kwako halafu nikasimama pale niliposimama. Trinah alinipikia vizuri, sikula. Usiku kucha alikuwa akifagia sebule iliyokwisha kufagiwa.

Niliapa. Siku nimeitaja mbele ya hakimu, mkono juu ya Biblia, na Mungu alikuwepo. Atanihukumu yeye, tena sitamsumbua kwa maneno mengi. Ninyi wengine msiniulize tena. Unataka niandike hapa kitu fulani. Sitaandika. Karatasi hukaa muda mrefu kuliko mtu.

Lakini nitakuambia lililo langu. Watu husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nimelisema mimi mwenyewe harusi ngapi, watu wakapiga makofi. Aliyelitunga hakuwahi kuletewa wote wawili mbele ya hakimu mmoja akaambiwa achague. Nilikulea, Annah. Nilikupenda, bado nakupenda, kifua kinaniuma ninavyoandika. Yule mwingine alitoka tumboni mwangu. Nilipoulizwa, tumbo ndilo lililojibu, na lilijibu kabla yangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe hujazaa, siwezi kukufafanulia, na sasa naomba Mungu ukizaa usiujue huu.

Shema amekuja kukaa huku. Hafanyi kazi. Anakaa uani na yule mbuzi. Hatuzungumzi. Nampa chakula, anakula, anarudisha sahani. Usidhani nimempata. Nimebaki naye tu.

Nitakuhudumia. Kila wiki nitakuja na basi la Usumani nikuletee ugali, dagaa wale wa Karagwe unaowapenda, na ndizi. Wakikupeleka mbali nitakuja huko mbali. Nimemwambia mchungaji akutafutie wakili mzuri. Nitakuja mpaka nife, na nikifa utapelekewa na mwingine, nimeshamwagiza. Uliwahi kuniuliza ukiwa mdogo kama unaweza kuniita Mama, nikakukatalia, nikasema mama yako alikuwepo na ana haki yake. Nilikosea. Niite sasa, nitaitika.

Mama yako,
Mukandekezi


Mahabusu, Kigali
7 Desemba

Shikamoo, Shangazi.

Natumaini u mzima, mguu umepoa, mapacha wa Kabera wanakua. Mimi mzima. Kikohozi kidogo, kimezunguka chumba kizima, tunapokezana.

Barua yako ilifika imefunguliwa. Aliyeifungua alinikabidhi bila kunitazama usoni.

Nakuandikia kwa ufupi kwa sababu kalamu ni ya kuazima na Illuminée yuko nje anaingoja barua ampe Usumani. Anakuja kutoka Ndera kila siku wanayoruhusu, kwa miguu, na mtoto mgongoni. Wiki ya kwanza alileta sahani ya mume wake tu. Wiki iliyofuata wakaniita na mimi nikachukue chakula, nikasema mmekosea jina, mimi sina mtu. Hawakuwa wamekosea. Alikuwa amegawa maharage na viazi kwenye sahani mbili. Nilimwuliza kwa nini, mimi niliyemfunga mume wake kwa ulimi wangu. Akasema, "Valens anasema ulirudi ukasema kweli. Ihangane, vumilia, kula." Nikala, Shangazi. Nililia nikala, nikaomba na maji, yale niliyomnyima mtoto wake.

Yeye anaamini tutatoka. Anasema ukweli haufi. Simbishii, kwa sababu ana safari ndefu ya kurudi. Mimi nilikusikia mahakamani. Wakili wangu, huyo uliyemtafuta, ameniambia kwamba mbele ya kiapo cha mwanamke mzee mwenyekiti wa akina mama kanisani, mimi na Valens tuna maneno ya watu wawili wanaojiokoa. Ameniambia nijiandae. Ni mtu mwaminifu, umechagua vizuri.

Chakula usilete. Ukileta watakirudisha, nimeshaacha maagizo langoni. Sweta nimelivua, nimempa Illuminée amfunikie mtoto. Yale ya kukuita nimeyafikiria siku nyingi, na uliponikatalia utotoni ulikuwa sahihi. Mama yangu alikuwepo. Na baba yangu alikuwepo pia, mlizaliwa tumbo moja, akafa akijua ameniacha kwa nani.

Nisalimie mchungaji. Shema usimsalimie.

Ni mimi,
Annah, mtoto wa kaka yako